Shangazi, mume wangu anataka kuuza korosho ambazo bado hazijatoa ua ili twende Abu Dhabi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mikindani na mume wangu, watoto wetu watatu na mama mkwe. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi Mtwara mjini. Marehemu mama yangu aliniachia shamba la mikorosho Tandahimba. Mume wangu ndiye anayelisimamia, maana mimi darasa linanibana, na kwa kweli analisimamia vizuri. Sina lawama hapo.

Mwezi uliopita tulikuwa tunakula usiku, akatoa simu akawaonyesha watoto video za viwanja vya burudani vya Abu Dhabi. Kuna paa jekundu ambalo ukiliona unaweza kudhani ni viwanja vya mpira kumi kama Nangwanda Sijaona vimeunganishwa. Ndani yake kuna treni inachomoka kama jiwe la manati. Kuna mito ya kuteleza, kuna mawimbi ya kutengenezwa. Watoto wakawa wameacha kula. Hapo hapo akasema, "Shule zikifungwa Juni tunakwenda wote, na bibi yenu." Mimi nilisikia kwa mara ya kwanza pamoja na watoto.

Tangu siku hiyo nyumba haikaliki kwa furaha. Wa kati, ana miaka kumi, ametangaza darasa zima. Mdogo ana miaka mitano. Mama mkwe ameshaniuliza sanduku la kuazima. Ana miaka 67, ana presha, na jioni miguu yake huvimba.

Sasa shida. Mume wangu amepiga hesabu ya watu sita, imekuja milioni 15. Anazo 9. Sita zilizobaki kuna mnunuzi yuko tayari kumpa sasa hivi, kwa makubaliano kwamba Oktoba achukue tani nne za korosho zetu, kwa shilingi 1,500 kila kilo. Habari hii sikuambiwa na mume wangu. Niliipata kwa kijana wa huyo mnunuzi aliyekuja nyumbani kuuliza kama "mama naye amekubali". Nilipomuuliza mume wangu, hakukana. Alisema, "Korosho zitazaa tena mwakani, utoto wa wanao hautarudi." Shangazi, neno hilo ni kweli, na ndilo lililoninyamazisha.

Nikamuuliza habari ya joto, maana nimesikia huko Juni si mchezo, akacheka: "Mtu wa Mikindani anaogopa jua?" Mnunuzi anataka jibu mwisho wa mwezi huu.

Naogopa kuuza korosho za shamba la mama yangu kabla ya msimu. Naogopa mama mkwe asije akaanguka ugenini. Na naogopa nikisema hapana nitaonekana ndiye niliyewanyima watoto furaha yao, na bibi yao pia. Nakwambia na hili, ambalo sijamwambia mtu: nami nataka kwenda. Sijawahi kupanda ndege inayovuka bahari.

Nifanyeje?

Mama wa Watatu, Mikindani

Marahaba, mwanangu.

Nianze na neno lako la mwisho, maana umelificha chini kabisa na kumbe ndilo linaloshika mambo yote. Unataka kwenda. Vizuri. Basi mume wako hana mpinzani ndani ya nyumba, ana mwenzake ambaye hakushirikishwa. Ukienda kuzungumza naye, anza na hilo kabla hujataja korosho wala joto. Mwambie, "Nami nataka kwenda, tena sana." Akishasikia hivyo, yote utakayosema baadaye atayasikia kama maneno ya mtu anayepanga safari. Ukianza na korosho, atasikia mtu anayeivunja.

Nami sikwambii muivunje. Nendeni. Lakini nendeni Desemba, tena kwa pesa ambayo imeshaingia kwenye akaunti. Nitakueleza kwa nini, na utaona kwamba mkorosho na jua la Abu Dhabi vinasema jambo moja.

Chukua daftari. Tani nne ni kilo 4,000. Kwa 1,500 ni milioni 6, sawa na anavyosema mnunuzi. Sasa zipitishe kwenye AMCOS yenu, chama chenu cha msingi cha ushirika, na mnadani. Ninyi wa Tandahimba mko chini ya chama kikuu cha ushirika, TANECU, na nadhani hamjasahau mnada wa kwanza wa Oktoba 2024, bei ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo. Sikuambii itarudi hapo, bei ya korosho inapanda na kushuka kama maji ya pale Mikindani, na mwaka mmoja tu kabla ya hapo watu walikuwa wanauza kwa karibu elfu mbili. Tuichukulie ndogo basi. Kwa elfu mbili tu, tani zile ni milioni 8. Kwa elfu tatu ni milioni 12. Toa makato, toa magunia na usafiri, bado mtakuwa mmempa mnunuzi huyo milioni kadhaa kama zawadi, kwa kosa la kutosubiri miezi mitano. Hakuna benki inayoweza kukutoza riba ya namna hiyo ukakubali. Na tusilifiche jina: hiyo ndiyo kangomba. Korosho ghafi za mikoa yetu zinapita stakabadhi ghalani, yaani zinakusanywa ghalani na kuuzwa mnadani, tangu 2007, na moja ya sababu ilikuwa kumwokoa mkulima na watu wanaokuja na pesa mkononi wakati yeye ana shida. Biashara hiyo imekatazwa, kwa hiyo siku mkitofautiana naye kuhusu uzito au ubora, hamna pa kushitaki.

Kuna baya zaidi ambalo mume wako, kwa jinsi ulivyomsifu, atalielewa mara moja ukimtajia. Juni ni mwezi gani shambani? Palizi inatakiwa iwe imekwisha, mikorosho inachipua na maua ya kwanza yanatokeza. Ugonjwa wa ubwiri unga unasubiri hayo hayo maua na majani machanga. Salfa, dawa yake ya unga, haingoji mwenye shamba arudi kutoka ng'ambo. Inaanza wakati huo, na inarudiwa kila baada ya wiki mbili tatu, mapema asubuhi majani yakiwa na umande na upepo haujaamka. Mume wako akiwa anapiga picha chini ya paa jekundu, nani anasimamia mashine? Kijana wa kibarua? Nimeona mashamba mangapi yaliyopulizwa na kibarua asiye na msimamizi: mistari ya barabarani imekuwa ya njano kwa salfa, ndani ya shamba hakuna kitu. Oktoba ikifika hizo tani nne alizouza hazipo, na deni la mnunuzi lipo.

Sasa jua.

Mume wako amesema mtu wa Mikindani haogopi jua. Nami nilisema hivyo hivyo. Mwanangu wa kwanza alikuwa anafanya kazi Sharjah, akanitumia tiketi mwezi wa Julai niende na mjukuu wa miaka saba. Nikajisemea, mimi nimezaliwa Lindi, nimekulia juani, joto gani hilo la kunitisha. Tulitoka uwanja wa ndege saa sita usiku. Mlango ulipofunguka miwani yangu ikafunga ukungu papo hapo, nikawa sioni. Nilidhani tumepita karibu na jiko la hoteli. Kumbe ndiyo hewa yenyewe. Saa sita usiku! Siku ya tatu tukaenda kwenye kiwanja cha maji. Kutoka kwenye kivuli hadi kwenye ngazi za mteremko hazikuzidi hatua thelathini. Mjukuu alivua ndala akakimbia, akafika katikati akasimama anaruka mguu huu na huu, analia, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Nilimfuata nikambeba, na chuma cha ngazi nilipokishika kiliniachia alama kiganjani hadi jioni. Tulikaa kwenye kivuli mpaka alasiri, tukarudi nyumbani. Tiketi za siku nzima, mtoto aliteleza mara mbili.

Nilijifunza kwamba sisi wa pwani ya kusini tunalijua jua lenye upepo. Na Juni ndio wakati hasa tusiopaswa kujidanganya, maana Juni kwetu ni kipupwe. Kusi linavuma, usiku watoto wanavuta shuka, mchana hata nyuzi 30 hazifiki. Miili yenu itatoka kwenye ubaridi huo na ndani ya saa chache itaingizwa kwenye nyuzi 40 na zaidi, na usiku unaokaribia 30. Upande ule wa ghuba hewa imejaa unyevu, kwa hiyo jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Serikali ya Falme za Kiarabu yenyewe, kuanzia tarehe 15 Juni hadi tarehe 15 Septemba, inapiga marufuku kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa mchana. Hao ni vibarua waliozoea. Wewe unampeleka mama wa miaka 67 anayevimba miguu.

Na Desemba? Abu Dhabi mchana ni nyuzi 25 au 26 hivi, usiku inashuka hadi 15 au 16. Mtatoka Mtwara wakati kaskazi limekaa na joto limetuelemea, mtafika kule mvae masweta jioni. Nisikilize vizuri: masweta. Watoto wa Mikindani wanatetemeka kwa nyuzi 16. Shule zinafungwa Desemba kama zinavyofungwa Juni, na minada ya kwanza ya Oktoba na Novemba inakuwa imeshalipa. Wiki ya Krismasi na mwaka mpya ikwepeni, hoteli hupandisha bei na foleni zinakuwa ndefu. Nendeni mara tu shule zinapofungwa. Na kama mwaka huo malipo ya AMCOS yatachelewa, safari nayo ichelewe. Msinunue tiketi za ndege kwa pesa ya mnada ambao haujafanyika, hiyo itakuwa kangomba nyingine mnayojifanyia wenyewe.

Hebu tuipange basi, maana nimeona kwenye barua yako kuna hesabu ya pesa lakini hakuna hesabu ya siku.

Vile viwanja alivyowaonyesha watoto viko kwenye kisiwa kimoja, Yas, nje kidogo ya mji wa Abu Dhabi na karibu na uwanja wake wa ndege. Lile paa jekundu ni Ferrari World, lilifunguliwa 2010, na treni ya manati mliyoiona inafika kilomita 240 kwa saa. Cha maji ni Yas Waterworld, cha 2013. Kuna Warner Bros. World cha 2018, na SeaWorld cha 2023. Vinne vyote viko jirani, lakini msidanganyike mkanunua tiketi za vyote kwa siku nne mfululizo. Familia yenye mtoto wa miaka mitano na bibi wa 67 haiwezi. Chagueni viwili, mkijikaza sana vitatu, na kila baada ya siku ya kiwanja iwepo siku ya kulala hadi saa tatu asubuhi, kufua, kutembea ufukweni jioni. Tiketi nunueni mtandaoni mapema kwenye tovuti ya viwanja vyenyewe. Kuna tiketi zinazounganisha viwanja zaidi ya kimoja, linganisheni kabla ya kulipa.

Viwili vipi? Kabla hujaamua, wasimamishe watoto kwenye fremu ya mlango uwapime. Hili watu wengi hawalijui mpaka wafike. Kila mchezo una kipimo chake cha urefu, na mlangoni amesimama mtu na fimbo ya kupimia. Hana huruma, na hatakiwi kuwa nayo, maana mkanda wa treni hauwezi kumshika mtoto mfupi. Mingi ya kasi huanzia sentimita 120 au 130, mingine zaidi. Mwanao mdogo wa miaka mitano hatazifikia. Fikiria umelipa, umepanga foleni nusu saa, amefika mlangoni akageuzwa mbele ya kaka yake. Huyo mpelekeni Warner Bros., ambako kuna vitu vingi vya watoto wa rika lake, katuni anazozijua zinatembea na kumkumbatia, na vyote viko ndani ya jengo. Wakubwa wawili Ferrari World. Mkigawana, baba na wakubwa huku, wewe na mdogo kule, mnakutana jioni, hakuna atakayesubiri wala kulia.

Mama mkwe mimi ningempeleka SeaWorld. Hukuniambia kama ni mtu wa bahari, lakini mtu aliyezeeka Mikindani amewaona samaki maisha yake yote wakiwa juu ya chanja au kwenye tenga. Pale kuna tangi la lita milioni 25, papa na taa wanapita juu ya kichwa chako wakiwa hai. Yeye atakaa kwenye benchi, ndani, kwenye ubaridi, na watoto ndio watakaokuja kumuuliza huyu ni samaki gani. Siku hiyo yeye ndiye atakuwa mwenyeji. Viti vya magurudumu vya kuazima vipo kwenye viwanja vikubwa, muulize mapema kabla hajasema miguu inauma, maana wazee wetu hawasemi mpaka wameshindwa.

Lakini kwanza aonwe na daktari, na si wiki ya safari. Miezi miwili kabla. Baadhi ya dawa za presha zinatoa maji mwilini, na mtu anayezitumia akiwa safarini, kwenye ndege yenye hewa kavu na kutembea kutwa, anahitaji kuelekezwa anywe maji kiasi gani na dawa saa ngapi. Dawa zote zisafiri kwenye begi la mkononi, ndani ya maboksi yake, pamoja na karatasi ya daktari. Usizitoe kwenye maboksi ukaziweka kwenye mfuko wa nailoni kama tunavyofanya tukienda Masasi. Falme za Kiarabu ni wakali sana kwa dawa. Za maumivu zenye kodeini au tramadol, na baadhi ya dawa za usingizi, zinahitaji kibali chao maalumu, la sivyo mtu anaweza kushikwa. Kama anatumia chochote cha namna hiyo, daktari ajue na ambadilishie.

Jambo la maji, na hapa naongea na wewe mwanamke. Kwenye mito ya kuteleza dera na kanga haviruhusiwi. Kitambaa cha pamba kinanasa, kinavuta, ni hatari. Kama unajisitiri, tafuta vazi la kuogelea la kufunika mwili mzima, lile la kitambaa cha kuogelea, linaruhusiwa na utawaona wenzako wengi wamelivaa. Dar yanapatikana. Usije ukabaki umekaa pembeni unashika simu za watu kwa sababu ya nguo, nawe ndiye uliyeniandikia kwamba unataka kwenda. Kwa Desemba ingieni majini mchana, maana alasiri ikipita upepo unatia baridi. Swala msihofu, vyumba vya kusalia vipo, na chakula ni halali.

Karatasi zinaanza sasa, wala si Novemba. Kila mtu awe na pasipoti yake, hata huyo wa miaka mitano, na iwe na uhai wa zaidi ya miezi sita siku ya kusafiri. Ada ya pasipoti ni shilingi 150,000, mara sita ni laki tisa, na kama hamnazo hata moja basi laki tisa hiyo iwemo kwenye milioni 15, mkague kama imo. Kabla ya kwenda Uhamiaji tandaza vyeti vyote vya kuzaliwa mezani usome herufi kwa herufi. Kwetu huku mtu mmoja anaandikwa Rashidi kwenye cheti cha RITA, Rashid kwenye kitambulisho cha taifa, na kwenye cheti cha shule jina la baba yake limeandikwa la utani. Marekebisho yanachukua wiki, wakati mwingine miezi. Cheti cha mama mkwe ndicho ningekitazama kwanza. Wazee wengi hawana kabisa.

Viza inaombwa kabla ya kuondoka, kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala anayetambulika. Usimlipe mtu wa WhatsApp asiye na ofisi unayoweza kuingia kwa miguu yako, hata kama amemsafirisha shemeji wa jirani. Na tiketi za ndege ziwe za kubadilika, au zinunuliwe viza zikishatoka.

Kuhusu pesa, jambo moja tu ambalo litawasaidia kupanga: dirham imefungwa kwa dola, dola moja ni dirham 3.67, na imekuwa hivyo tangu 1997. Inayoyumba ni shilingi yetu. Kwa hiyo hesabu ya mume wako iandikwe kwa dola, na hizo milioni 9 alizonazo, sehemu ya hoteli na viwanja, azibadilishe kidogo kidogo benki kuanzia sasa badala ya kungoja wiki ya mwisho. Dar fikeni siku mbili kabla ya ndege. Barabara ya kusini mnaijua, na Mei 2024 mafuriko yalipoikata pale Somanga hakuna aliyesahau.

Sasa mazungumzo. Usimwite mjomba wako bado. Najua shamba ni la upande wenu, najua mjomba angekuja na angesema kwa sauti, na mume wako angenyamaza. Lakini angenyamaza kama mtu aliyeshitakiwa. Ngoja usiku watoto wamelala, toa daftari lenye hesabu zote mbili, ya 1,500 na ya mnadani, na ukurasa wa pili wenye Juni na Desemba. Mwambie mikorosho ni ya mama yako, na kwamba iliumiza kusikia habari zake kwa kijana wa watu. Liseme mara moja, kwa utulivu, usilirudie. Halafu mgeuzie ukurasa wa Desemba. Akikataa kabisa, akasema pesa ameshapokea, hapo mjomba aitwe kesho yake asubuhi, na pesa irudishwe kabla mwezi haujaisha.

Juni msiiache tupu. Baba ameahidi Juni, na mtoto wa miaka kumi anahesabu siku. Mkishamaliza mzunguko wa kwanza wa salfa, wapelekeni Kilwa siku mbili. Laleni Masoko, asubuhi mvuke na mashua hadi Kilwa Kisiwani, watembee kwenye magofu ya Msikiti Mkuu, ngome ya Gereza na kasri la Husuni Kubwa. UNESCO iliuweka mji huo kwenye urithi wa dunia 1981, na watoto wa Dar wanasafiri kuja kuuona huku wetu wakisoma habari zake kwenye vitabu tu. Waambie yule msafiri Ibn Battuta alifika hapo 1331. Mkipitia Dubai Desemba watakuta kituo cha treni na duka kubwa lenye jina la huyo huyo, na pale kituoni ndipo linapoondokea basi moja la kwenda Abu Dhabi. Kisiwani kutakuonyesha pia mama mkwe anaweza kutembea kiasi gani kabla ya kutafuta pa kukaa. Utapanga Desemba kwa macho yako.

Na huyo wa miaka kumi, aliyetangaza darasa zima. Mwambieni yeye kabla ya wenzake, baba na mama mkiwa pamoja, msimwachie asikie barazani kwamba safari imesogezwa. Mwoneshe ukurasa wa daftari, mwelezeni salfa na mnada, ana akili ya kuelewa. Halafu msimamishe kwenye fremu ya mlango, mpige mstari wa penseli na tarehe. Akiwa sentimita mbili chini ya kipimo cha treni anayoitaka, ana miezi sita ya kukua.

Shangazi